Uvimbe Wenye Haraka Kuliko Yote

Anayetoka Nkende, pembeni mwa mji wa Tarime, kwenda Shirati huwa anateremka. Anaacha nyuma migomba, kahawa na ubaridi wa asubuhi wa nchi ya Wakurya, anaingia tambarare yenye joto ya Rorya ambako wenyeji wengi ni Wajaluo, na safari inamfikisha kando ya Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Si mwendo mrefu. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 na 1970 mteremko huo ulifuatiliwa kwa karibu na watafiti wa saratani kutoka mabara matatu. Vilimani mbu wa malaria walikuwa wachache, bondeni walikuwa tele, na palipokuwa na mbu tele ndipo walipoonekana watoto wenye taya zilizovimba.

Uvimbe huo hauanzi polepole. Mama anaona jino la mtoto limelegea, na siku chache baadaye shavu limejaa. Wiki mbili zikipita jicho linasukumwa nje. Mtoto mwingine taya halina shida ila tumbo ndilo linalokua, na wazazi wanadhani ni wengu au minyoo. Asipotibiwa, mtoto hufa katika muda unaohesabika kwa wiki au miezi michache. Hakuna saratani ya binadamu inayojulikana kukua haraka kuliko hiyo, na kwa sababu ya kasi hiyo ilikuja kuwafundisha madaktari wa dunia nzima jambo ambalo vitabu vyao vilikuwa bado havijaliweka wazi: saratani ina hesabu zake, na dawa isiyofuata hesabu hizo haiponyeshi.

Jina ilipata kwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu mwenye jicho moja, kwani la pili alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 alikuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, pale daktari mwenzake Hugh Trowell alipomwita wodini kumtazama mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Usaha haukuwapo, na mfupa ulioharibika mahali pane kwa mpigo haukufanana na uvimbe wowote aliousoma. Wiki chache baadaye, akiwa kwenye mzunguko wake wa hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine amekaa kwenye majani na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Alipompima akakuta na tumboni pia kuna uvimbe.

Hapo ndipo alipoanza kuchimbua mafaili ya Mulago. Watoto waliokuwa wameandikiwa saratani ya taya, wengine ya figo, wengine ya ini au ya ovari, walikuwa na ugonjwa mmoja uliogawanywa majina kulingana na kiungo ambacho daktari alikiona kwanza. Makala yake ya mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza haikusomwa na wengi. Kwenye maabara ya Kampala, George O'Conor na Jack Davies ndio waliosema wazi kwamba chanzo ni seli za kinga, yaani limfoma. Chini ya darubini, katikati ya seli za saratani zilizobanana kwa weusi, waliona seli kubwa nyeupe zilizotawanyika kama nyota. Kazi ya seli hizo kubwa ilikuwa kula maiti za seli nyingine. Kwamba uvimbe unaokua kwa kasi hivyo umejaa maiti ni jambo lililokuja kueleweka baadaye, na lilikuwa na uzito wake.

Oktoba 1961, Tanganyika ikijiandaa kwa Uhuru wa Desemba, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, waliondoka Kampala katika Ford kuukuu iliyonunuliwa kwa pauni 250. Safari ya wiki kumi iliwapeleka kusini hadi Afrika Kusini na kuwarudisha, kiasi cha maili 10,000. Waliingia hospitali za misheni na za serikali, wakawaonyesha madaktari picha za watoto, wakauliza swali moja: umewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu yakawa alama kwenye ramani. Karibu na ikweta uvimbe haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi, sawa na mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mstari huo ulishuka, kwa kuwa baridi nayo ilianzia chini zaidi. Palipokuwa na joto na mvua ya kutosha, ulikuwapo. Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe ndiye aliyewafungua macho: ramani yao ilifanana na ya magonjwa yaletwayo na mbu. Milima ya Tarime inasimama karibu kabisa na mstari huo, na tambarare ya Rorya iko chini yake.

Ramani ilikuwa nzuri, ila watoto wodini hawakuponywa na ramani. Upasuaji ulikuwa wa kikatili na haukusaidia. Mashine ya mionzi Uganda haikuwapo. Zilibaki dawa, na mwaka 1960 dawa za saratani zilikuwa bado zinadharauliwa na madaktari wengi wakubwa.

Zilikuwa zimezaliwa vitani. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walijaribu kemikali ya jamii ya gesi ya haradali kwa mgonjwa wa limfoma. Uvimbe ukanywea, kisha ukarudi. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa inayopinga foliki asidi imewapa watoto wenye saratani ya damu nafuu ya muda, nao uvimbe ukarudi. Kunywea na kurudi ikawa ndiyo hadithi ya kila dawa. Mtu wa kwanza kuvunja mzunguko huo alikuwa Min Chiu Li, Mchina aliyefanya kazi Marekani pamoja na Roy Hertz. Kuanzia 1956 waliwatibu akina mama wenye saratani ya kondo la nyuma kwa methotreksati. Li aliendelea kutoa dawa hata baada ya uvimbe kutoweka machoni, kwa sababu homoni inayotolewa na seli hizo ilikuwa bado inaonekana kwenye mkojo. Wakubwa wake waliona anawasumbua wagonjwa waliokwisha kupona, naye akaondolewa kazini. Wagonjwa wake ndio waliobaki hai, ilhali kwa wale walioachishwa dawa mapema uvimbe ulirudi.

Joseph Burchenal wa hospitali ya Sloan-Kettering, New York, alipofika Kampala alimwachia Burkitt methotreksati, na Herbert Oettgen akaja kusaidia. Baadaye ikaongezwa saiklofosfamaidi, dawa ya Kijerumani, kisha vinkristini, inayotokana na lile ua la pinki la Madagaska linalopandwa uani katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Burkitt alikuwa na dawa kidogo, na wagonjwa wake wengi walikuwa wakichukuliwa na wazazi kurudi kijijini mara mtoto akipata nafuu. Kwa hiyo aliwapa dozi ndogo kuliko zilizotumika Marekani, wakati mwingine mara moja tu. Matokeo yalimshangaza. Taya lililokuwa limejaa lilirudi kawaida ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto hawakuonekana tena, ikadhaniwa wamekufa. Walipofuatiliwa vijijini miaka kadhaa baadaye walikutwa wakicheza. Mwaka 1967 alichapisha taarifa ya wagonjwa waliobaki bila ugonjwa kwa muda mrefu baada ya dozi moja au mbili. Kule Nairobi, Peter Clifford alikuwa akitoa dozi kubwa zaidi, naye alikuwa na wake waliopona.

Wapo wanaoisimulia sehemu hii kama bahati ya daktari mwema. Bahati ilikuwapo, lakini sababu yake ilikuwa ikipigiwa hesabu wakati huohuo kwenye maabara ya panya huko Birmingham, Alabama.

Howard Skipper na wenzake walikuwa wakiwapandikiza panya seli za saratani ya damu iitwayo L1210. Waligundua kwanza kwamba seli moja tu hai ilitosha kumuua panya. Seli hiyo iligawanyika zikawa mbili, nne, nane, zikizidi maradufu kwa takriban nusu siku, hadi zikafika bilioni moja na panya akafa. Kisha wakagundua jambo la pili, ambalo lilitangazwa mwaka 1964 na kubadili kila kitu: dozi fulani ya dawa haiui idadi fulani ya seli, inaua sehemu ileile ya zilizopo. Dawa inayoua seli 999 katika kila 1,000 itashusha bilioni moja hadi milioni moja. Dozi ya pili itashusha milioni hadi elfu moja, na ya tatu hadi moja. Baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anajisikia mzima, na daktari hapapasi kitu, ilhali seli milioni zimebaki. Hapo ndipo Li alipokuwa sahihi na wakubwa wake wakakosea, ingawa wakati ule hakuna aliyekuwa na hesabu za kuwaonyesha.

Hesabu hizo zikihamishiwa kwa mtoto zinaogofya. Uvimbe wa sentimita moja ya ujazo, kiasi cha harage, una seli zipatazo bilioni moja. Ili kufika hapo kutoka seli moja zinahitajika hatua 30 za kuzidi maradufu, na zote hizo hupita bila mtu kujua. Kutoka harage hadi kilo nzima ya uvimbe zinahitajika hatua kumi tu zaidi, kwa kuwa kuzidi maradufu mara kumi ni kuongezeka mara 1,024. Saratani ya matiti ambayo huzidi maradufu kwa siku mia moja hivi itahitaji karibu miaka mitatu kumaliza hatua hizo kumi. Uvimbe wa taya unaozidi maradufu kila baada ya siku tatu utazimaliza kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana madaktari wa Mulago waliona watoto waliovimba kupita kiasi lakini hawajakonda sana: ugonjwa haukuwapa muda wa kukonda.

Ukuaji huo wa maradufu haudumu milele. Mwaka 1825, Mwingereza Benjamin Gompertz, aliyekuwa akihesabu vifo kwa ajili ya kampuni za bima ya maisha, alitunga kanuni ya mkunjo ambao unaanza kwa kasi kisha unalegea. Karne moja na zaidi baadaye Anna Laird wa Marekani alionyesha, mwaka 1964, kwamba uvimbe wa wanyama hufuata mkunjo huohuo. Ukiwa mdogo unakimbia. Ukiwa mkubwa, damu haifiki katikati, seli nyingi zinalala bila kugawanyika, nyingine zinakufa. Hilo lina maana kubwa kwa tiba. Methotreksati na vinkristini humkamata zaidi adui aliye kazini, yaani seli inayonakili chembe zake za urithi au inayogawanyika. Seli iliyolala huponyoka. Kwa sababu hiyo saratani nyingi za watu wazima, zenye seli nyingi zilizolala, hunywea kidogo zikipewa dawa, kisha hurudi.

Uvimbe wa Burkitt haulali. Karibu kila seli yake iko kazini wakati wote, na dozi moja inazikuta zote mlangoni. Kasi inayomuua mtoto ndiyo inayompa dawa mlango wa kuingilia, na Burkitt, bila kujua hesabu za Alabama, alikuwa amezigonga kwa vidonge vichache na sindano moja.

Uchunguzi wa kasi hiyo ulifanyika Kampala kwenyewe. Mwaka 1967, kwa fedha za taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani na ushirikiano wa Makerere, kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. John Ziegler, kijana wa Kimarekani, alikuja kukiongoza. Sebastian Kyalwazi, daktari wa upasuaji wa Uganda, alikuwa nguzo yake ya kienyeji. Watafiti wa Kinorwe wakiongozwa na Olav Iversen waliungana nao, wakatumia kemikali yenye mionzi midogo inayoingia kwenye seli zinazojinakili tu, wakahesabu. Kama kila seli mpya ingeishi, uvimbe ungezidi maradufu kwa muda wa siku moja hivi. Kipimo cha nje kilionyesha muda mrefu zaidi, siku mbili hadi tatu. Tofauti hiyo ni vifo: zaidi ya nusu ya seli zinazozaliwa humo hufa humohumo, na zile seli nyeupe za O'Conor ndizo zinazozizika.

Kazi ya Kampala ilizaa kanuni ambazo leo zinaonekana za kawaida. Wagonjwa ambao uvimbe ulirudi mapema, ndani ya wiki chache, walikuwa wamebeba seli sugu na dawa ileile haikuwafaa tena. Wale ambao ulirudi baada ya miezi kadhaa walipona tena kwa dawa ileile, maana yake dawa haikushindwa mara ya kwanza. Kilichotokea ni kwamba haikumaliza. Wengine ulirudi kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipa haifiki vizuri, ikabidi methotreksati ichomwe mgongoni. Ian Magrath, Mwingereza aliyekuwa hapo, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1974 kwamba mtoto mwenye uvimbe wa tumbo akikatwa karibu wote kabla ya dawa, nafasi yake ya kuishi inaongezeka. Hesabu ya Skipper inalieleza hilo: ukianza na seli chache, dozi chache zinatosha. Kuhusu seli sugu, maelezo kamili yalitoka Vancouver, Canada, mwaka 1979, pale daktari James Goldie na mwanahisabati Andrew Coldman walipoonyesha kwamba kadiri seli zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa kuzaliwa moja isiyosikia dawa unavyopanda, na kwamba dawa zenye njia tofauti zikitolewa pamoja mapema ndizo zenye nafasi ya kuiwahi.

Kulikuwa pia na hatari ambayo ni kasi hiyohiyo ikigeuka upande wa pili. Dawa ikiua mabilioni ya seli kwa siku moja, vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu. Potasiamu inapanda, asidi ya yuriki inaziba figo, moyo unasimama. Mtoto anaweza kufa kwa sababu tiba imefanya kazi vizuri mno. Ndiyo maana hadi leo dripu ya maji hutangulia dawa.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani iliwapa heshima waliofanikisha tibakemikali: Burkitt, Burchenal, Ziegler, Victor Anomah Ngu wa Cameroon, Li na Hertz wakiwemo. Mwaka huohuo utawala wa Idi Amin ulikuwa ukiwafukuza Waasia, na Wamarekani wakaondoka Mulago. Taasisi iliangukia mikononi mwa Charles Olweny, Mganda, aliyeiendesha miaka yote ile migumu. Burkitt mwenyewe alikuwa ameshaondoka Uganda mwaka 1966. Ulaya wanamkumbuka zaidi kwa kuwahubiria wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, alivyoviona kwenye sahani za Waafrika.

Wakati Kampala ikihesabu seli, Mara ilikuwa ikihesabu watoto. Shirati ilikuwa na hospitali ya Wamennonite, waliofika hapo miaka ya 1930, na madaktari wake waliuona uvimbe huo mara kwa mara. Miongoni mwao alikuwa Glen Brubaker, Mmarekani. Kwa mtafiti, wilaya ya North Mara ya siku hizo, ambayo leo ni Tarime na Rorya, ilikuwa zawadi: kaskazini mpaka wa Kenya, magharibi ziwa, kusini Mto Mara, mashariki mbuga za Serengeti. Mgonjwa hakuwa na pengi pa kwenda, na wengi walifika Shirati. Mwaka 1973 Brubaker, Anton Geser wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon, Ufaransa, na Malcolm Pike walichapisha hesabu za 1964 hadi 1970. Huko West Nile, Uganda, ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa hujikusanya, kijiji kimoja na msimu mmoja, kana kwamba kuna ambukizo linalopita. North Mara haikuonyesha hivyo. Lilikuwa jibu la kukatisha tamaa, ila lilikuwa jibu la kweli, na lilichapishwa.

Kirusi kilikuwa kimeshapatikana. Tony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wa London walikiona mwaka 1964 kwenye seli zilizotumwa kwa ndege kutoka Kampala, kikaitwa Epstein-Barr. Utata ni kwamba kirusi hicho kiko kila mahali duniani, vilimani Nkende na mitaani London, na walio wengi hakiwadhuru. Kitu cha pili kilihitajika, na kidole kilielekea malaria. Ndipo likaja wazo la kujaribu: ukiondoa malaria mahali, je, uvimbe utaondoka?

Jaribio lilifanyika tambarare ya North Mara kuanzia 1977 hadi 1982. Watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini kwa vipindi, kijiji kwa kijiji. Katika miaka ya 1964 hadi 1976 wagonjwa wapya walikuwa kati ya 2.6 na 6.9 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Mwaka 1981 walishuka hadi 0.5, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa hapo. Mgawo ulipokwisha, idadi ikapanda, na mwaka 1984 ikafika 7.1. Mtu angesema kesi imekwisha. Lakini taarifa iliyotolewa na Geser, Brubaker na mwenzao Draper mwaka 1989 haikujipigia debe: uvimbe ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilishuka mwanzoni tu kisha ikarudi vidonge vikiwa bado vinagawiwa, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeanza kuwa sugu kwa klorokwini. Kimelea cha malaria bondeni Rorya kilifanya zilichofanya seli za uvimbe Mulago. Dawa moja, ikitolewa kidogo kidogo kwa muda mrefu, iliwaacha hai wale wasiosikia. Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na kuanzia 2006 ikatumia dawa mseto, kwa hoja ileile ya Goldie na Coldman.

Leo uhusiano huo unaeleweka vizuri zaidi. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli fulani za kinga kugawanyika bila kupumzika na kukatakata jeni zao, kirusi huzizuia kufa, na ajali ikitokea, jeni iitwayo MYC inahamishwa kwenye kromosomu nyingine ambako haizimwi tena. Jeni hiyo ndiyo inayoiamuru seli igawanyike, na ndiyo chanzo cha ile kasi ya Iversen. Utafiti wa EMBLEM, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kati ya 2010 na 2016 chini ya Sam Mbulaiteye, uliandikisha tena watoto wa kanda ya ziwa, wakiwemo wa Mara na Mwanza.

Kilichobaki kigumu ni njia. Mtoto wa Mara mwenye taya lililovimba mara nyingi huanzia kwa mng'oa meno, au hupewa antibiotiki zahanati, au hupelekwa kwa mganga. Kisha kinatafutwa kinyama cha kupima, na jibu la maabara linasubiriwa. Rufaa inaelekeza Hospitali ya Bugando, Mwanza, na nauli inatafutwa kwa kuuza mbuzi au kusubiri mavuno. Kila siku tatu zinazopita kwenye foleni hizo ni hatua moja ya maradufu. Wiki tatu za kuzungushwa zinaweza kumgeuza mtoto mwenye uvimbe wa taya pekee kuwa mtoto mwenye tumbo lililojaa na uti wa mgongo uliobanwa, miguu haisogei. Rufaa ya kuchelewa humgharimu sana mtoto mwenye ugonjwa huu, na haihitaji mashine ya mabilioni kuifupisha. Inahitaji mganga wa zahanati anayejua kwamba jino lililolegea kwa mtoto wa miaka sita, shavu likiwa limevimba bila homa wala usaha, ni la kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo.

Anayefika anakuta tiba isiyo ya ajabu. Saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati, pamoja na sindano za mgongoni, kwa mizunguko inayofuatana karibu karibu ili seli zilizobaki zisipate nafasi ya kuzidi maradufu tena na tena kati ya dozi na dozi. Ian Magrath, yule wa Kampala, ndiye aliyekuja kuunda mtandao wa kimataifa uliopima mpango huo katika hospitali za Nigeria, Kenya na Tanzania, ambako Twalib Ngoma wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, alikuwa kiongozi wa kazi. Matokeo ya wagonjwa 356 yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya mwaka mmoja asilimia 67 walikuwa hai, na baada ya miaka miwili asilimia 62.

Takwimu ya pili ndiyo ya kuangaliwa. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili imeshuka kidogo tu. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya matiti anaweza kukaa miaka kumi kabla uvimbe haujarudi, maana seli zake zinajua kusubiri. Seli za Burkitt hazijui. Ikibaki hata moja, kwa kasi ya siku tatu itafika ukubwa wa kuonekana katika miezi michache, na kama mwaka umepita bila kitu kuonekana, mara nyingi hakuna kilichobaki. Kwa hiyo mtoto wa Rorya au wa Nkende anapofikisha mwaka wa pili bila uvimbe, daktari anaweza kuandika kwenye faili lake neno ambalo kwa wagonjwa wengi wa saratani huwa anasita kuliandika: amepona.